Mwenye Ngoma na Mwenye Vyombo: Beni na Dansi katika Historia ya Masasi na Newala

Katika mijadala juu ya utamaduni wa taifa, suala la muziki wa bendi limekuwa likizusha ubishi tangu siku za mwanzo za Uhuru. Wako wanaoshikilia kwamba ngoma za jadi ndizo peke yake zinazostahili kuitwa muziki wa Tanzania, na kwamba gitaa, tarumbeta na saksafoni ni mizigo iliyoachwa na mkoloni. Wako pia wanaoona kwamba ngoma ni mambo ya kale, na kwamba kijana aliyesoma hana budi kwenda na wakati. Pande hizi mbili hupingana vikali, lakini hukubaliana, pengine bila kujua, juu ya jambo moja: kwamba kati ya ngoma na bendi pana ukuta. Insha hii inakusudia kuonyesha kwamba ukuta huo ni wa mawazo tu, wala haukuwapo katika maisha ya watu. Inakusudia pia kuonyesha kwamba swali lililo kubwa kuliko la vyombo vimetoka wapi ni swali la vyombo hivyo ni vya nani.

Tutaanzia Masasi na Newala, sehemu ambazo jina lake halitajwi mara nyingi panapozungumzwa habari za bendi. Watu hutaja Dar es Salaam, Morogoro, Tabora na Tanga. Lakini mara nyingi mambo ya nchi huonekana vizuri zaidi yakitazamwa kutoka pembeni kuliko kutoka katikati.

Nchi ya njia panda

Newala iko juu ya nyanda za Wamakonde, ikitazama bonde la mto Ruvuma. Masasi iko magharibi yake, chini ya majabali makubwa yanayoonekana kutoka mbali. Wakazi wake ni Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, na wengi wao wana jamaa ng'ambo ya Ruvuma, katika nchi ya Msumbiji. Misafara ya biashara kati ya Ziwa Nyasa na pwani ilipita huku kwa muda mrefu, ikichukua pembe na, kwa huzuni kubwa, watumwa. Basi asidhani mtu kwamba hapa palikuwa na utamaduni mmoja uliofungiwa ndani ya boma hadi Mzungu alipofika. Palikuwa na njia panda.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA aliongoza kundi la watu waliokombolewa utumwani, akawaweka Masasi. Watu hao walikuwa na asili mbalimbali, nao waliishi kwa lugha ya Kiswahili na nyimbo za kanisa. Kijiji chao kilivamiwa na Wangoni mwaka 1882, na misheni ikaharibiwa tena wakati wa Vita vya Maji Maji mwaka 1905. Hata hivyo haikutoweka. Kengele ya kanisa na ngoma za jando zikawa zinasikika katika nchi moja, na mara nyingi katika nyumba moja.

Kutokana na hali hiyo lilizuka jambo ambalo wanahistoria wamelichunguza sana. Padre Vincent Lucas, ambaye mwaka 1926 alikuja kuwa Askofu wa kwanza wa Masasi, aliona kwamba Wakristo hawataacha kuwapeleka watoto wao jandoni. Badala ya kulikataza jando moja kwa moja, alikubali liwe na ibada za Kikristo ndani yake, likasimamiwa na mapadre. Baadhi ya mambo yaliachwa, mengine yakabadilishwa, na mengine yakabaki kama yalivyokuwa. Huu ulikuwa mchanganyiko wa utamaduni uliopangwa kutoka juu: Askofu na wasaidizi wake ndio waliokata shauri juu ya kipi kinafaa na kipi hakifai.

Lakini katika miaka hiyo hiyo ulikuwapo mchanganyiko mwingine, ambao haukupangwa na askofu wala na mkuu wa wilaya. Huo ulikuwa beni.

Beni: bendi isiyokuwa na bwana

Jina beni limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya bendi. Ngoma hii ilianza katika miji ya pwani, hasa Lamu na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19. Vijana wa pwani walikuwa na desturi ya zamani ya mashindano ya ngoma kati ya mtaa na mtaa. Walipoziona bendi za kijeshi za Wazungu, walichukua tarumbeta, ngoma kubwa, mavazi rasmi na mwendo wa gwaride, wakavitia ndani ya desturi yao. Mashindano yakabaki yale yale, mafumbo ya nyimbo yakabaki ya Kiswahili, karamu zikabaki za Kiswahili. Kilichobadilika ni sura. Pale ambapo tarumbeta halikupatikana, watu walitumia vibuyu na mabati, na gwaride likaendelea.

Katika Tanganyika beni iligawanyika katika pande mbili mashuhuri, Marini na Arinoti. Marini walijulikana kuwa chama cha makarani na watu wa mjini waliojiona bora, na Arinoti chama cha watu wa kawaida, ingawa mgawanyiko huo haukuwa sawasawa kila mahali. Kila chama kilikuwa na vyeo vyake: Kingi, majenerali, makapteni, na hata madaktari. Wanawake nao walikuwa na vyeo vyao. Wanachama walitoa ada, wakanunua vyombo na mavazi, wakapokea wageni wa chama waliotoka miji mingine, wakamtazama mgonjwa na kumzika aliyefariki. Kwa hiyo beni ilikuwa ngoma, lakini ilikuwa pia chama cha kusaidiana.

Iliyoisukuma beni kutoka pwani hadi bara ni Vita Kuu ya Kwanza. Askari na wapagazi wa majeshi yote mawili, la Wajerumani na la Waingereza, walikwenda nayo kokote walikopelekwa. Na vita hivyo viliifikia pia nchi hii tunayoizungumzia. Kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917 palipiganwa vita vikali sana huko Mahiwa, katika njia ya kutoka Lindi kwenda Masasi. Mwezi uliofuata, jeshi la Jenerali von Lettow-Vorbeck lilirudi nyuma kupitia nyanda za Newala, na tarehe 25 Novemba likavuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Nyuma yake liliacha mashamba yaliyonyang'anywa chakula, wagonjwa, na njaa. Maelfu kwa maelfu ya wapagazi wa Kiafrika walikufa katika vita ambavyo havikuwa vyao.

Ni lazima mwanafunzi aitazame beni kwa kukumbuka hali hiyo. Kijana aliyekuwa amebebeshwa mzigo wa risasi kwa mamia ya maili, akipigwa viboko na kuona wenzake wakianguka njiani, alirudi kwao, akavaa kofia ya ofisa, akajiita Jenerali, na akaamuru gwaride la rafiki zake. Je, alikuwa akimwiga bwana wake kwa sababu ya kasumba? Au alikuwa akiichukua heshima ile aliyonyimwa, akijipa mwenyewe mbele ya watu wake?

Mwanahistoria Terence Ranger, aliyewahi kufundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika kitabu kizima juu ya beni, kilichotoka mwaka 1975, akapinga wazo kwamba ngoma hii ilikuwa uigaji mtupu. Hoja yake ina nguvu. Kasuku huiga bila kuchagua, lakini wachezaji wa beni walichagua. Walichukua gwaride, hawakuchukua utii. Walichukua vyeo, lakini waliopewa vyeo hivyo ni wale waliochaguliwa na wenzao. Walichukua tarumbeta, wakaliimbisha mafumbo ambayo ofisa wa Kizungu aliyesimama kando hakuweza kuyafumbua.

Wakoloni wenyewe hawakuwa na hakika. Baada ya vita, maofisa wa upelelezi wa Kiingereza waliichunguza beni kwa hofu kwamba vyama hivi vyenye matawi katika miji mingi vingeweza kuwa siri ya uasi. Hawakuuona uasi walioutafuta. Wamisheni nao, kwa jumla, waliitazama beni kwa jicho la mashaka, kwa kuwa iliwavuta vijana wao na kuwapa mamlaka nje ya kanisa na nje ya wazee. Hapo ndipo tunapoona tofauti kati ya jando la Padre Lucas na beni ya vijana. Yote mawili yalikuwa mchanganyiko. La kwanza lilikuwa na msimamizi. La pili halikuwa na bwana ila wanachama wenyewe, kwa sababu vyombo vilikuwa vyao.

Haifai, hata hivyo, kuipamba beni kupita kiasi. Mashindano yake yalizaa ugomvi, na karamu za kushindana ziliwatia watu wengi katika madeni. Majivuno ya Marini mbele ya Arinoti yaliendeleza matabaka ambayo mkoloni aliyapenda. Uhuru wa kujiongoza ni pamoja na uhuru wa kukosea.

Kutoka gwaride hadi dansi

Kuanzia miaka ya 1930 beni ilianza kupungua nguvu, na mahali pake pakashikwa na dansi. Bendi ya Dar es Salaam Jazz ilianzishwa mwaka 1932. Miaka ya 1940 ilizaa Morogoro Jazz, na mwaka 1948 Salum Abdallah alianzisha Morogoro bendi ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Cuban Marimba. Neno jazz katika majina haya lisimpotoshe mwanafunzi. Bendi hizi hazikupiga muziki wa jazz wa Marekani. Neno hilo lilimaanisha tu bendi ya kisasa ya dansi.

Muziki uliowavutia zaidi ulikuwa wa Cuba. Tangu mwaka 1933 kampuni ya HMV ilitoa sahani za santuri za muziki wa Cuba kwa ajili ya soko la Afrika, na sahani hizo zikasikilizwa kutoka pwani hadi Kongo. Watu wa Cuba waliobuni rumba wengi walikuwa wajukuu wa Waafrika waliopelekwa utumwani ng'ambo ya bahari. Kwa hiyo mwanamuziki wa Tanganyika aliyejifunza rumba kutoka kwenye santuri alikuwa akimpokea ndugu aliyepotea, ambaye amerudi na nguo za kigeni. Ni vigumu kusema kwa haki kwamba muziki kama huo ni wa kizungu.

Watu wa Masasi na Newala walikutana na muziki huu kwa njia ya kazi. Wengi wao walikwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Lindi, wakakaa huko miezi au miaka. Kisha, mwaka 1947, Waingereza walianza mpango mkubwa wa karanga huko Nachingwea, jirani na Masasi. Bandari ilijengwa Mtwara na reli ikapelekwa bara. Mpango ulishindwa vibaya, ukaachwa mwaka 1951, na reli yenyewe ikafungwa mwaka 1962. Lakini wakati huo watu wa makabila mengi walikuwa wamekutana mahali pamoja, wana mshahara mfukoni na Jumamosi ya kupumzika. Hiyo ndiyo ardhi inayootesha dansi popote duniani.

Jambo la kutilia maanani ni kwamba klabu za mwanzo za dansi zilifuata mpango ule ule wa beni. Wanachama walilipa ada, wakachagua viongozi, wakanunua vyombo kwa shirika, wakashindana na klabu jirani, wakazikana. Anayesema kwamba dansi ilitoka Ulaya au Kongo, basi aongeze kwamba chombo kilichoibeba dansi, yaani chama chenyewe, kilikuwa kimetengenezwa hapa hapa na vijana wa beni.

Taifa na vyombo

Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Julius Nyerere, katika hotuba yake ya kwanza akiwa Rais wa Jamhuri, alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alisikitika kwamba wasomi wa Kiafrika walijua kucheza rumba, chachacha na dansi za Ulaya kuliko ngoma za kwao. Hotuba hiyo iliamsha ari kubwa. Katika miaka ya 1960 kiliundwa Kikundi cha Ngoma cha Taifa, na miongoni mwa ngoma zilizopata sifa katika maonyesho yake ni sindimba ya Wamakonde.

Hapa nyanda za Newala ziliingia katika utamaduni wa taifa kwa mlango wa mbele. Sindimba, iliyokuwa ikichezwa na wenyewe katika sherehe zao, hasa baada ya jando na unyago, ilipelekwa jukwaani, ikafundishwa shuleni, na ikachezwa mbele ya wageni wa serikali. Mcheza kwao hutunzwa, wahenga walisema. Safari hii mcheza kwao alitunzwa mbali na kwao. Faida yake ni dhahiri: ngoma iliyodharauliwa na mkoloni ilipata heshima, na mtoto wa Kimakonde alisimama kifua mbele. Lakini palikuwa na gharama. Mwishoni mwa miaka ya 1960 magazeti yalijaa ubishi kama sindimba, kwa mtikiso wake wa kiuno, ni ya adabu au si ya adabu. Wengi walioshiriki ubishi huo walikuwa hawajapata kuiona mahali pake. Ngoma iliyoondolewa katika shughuli iliyoizaa huonekana kama sentensi iliyokatwa kutoka katikati ya barua.

Kwa upande wa bendi, taifa jipya lilileta badiliko kubwa zaidi, nalo lilihusu vyombo. Gitaa la umeme, vipaza sauti na saksafoni ni ghali, na fedha za kigeni zilikuwa adimu. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kiliunda NUTA Jazz, ambayo wanamuziki wake walikuwa waajiriwa wenye mshahara. Jeshi, polisi, Umoja wa Vijana na mashirika ya umma yakafuata. Mwanamuziki alipata kile ambacho mzee wa beni hakukiota: mshahara wa mwezi na vyombo vizuri bila kuchanga. Kutokana na mpango huo zilitoka nyimbo ambazo Watanzania wanaziimba hadi leo. Mchango huo wa taasisi za umma hauwezi kubezwa.

Lakini mwajiri akiwa ndiye mwenye vyombo, mwanamuziki akiondoka huondoka mikono mitupu. Aliyeudhika hakuweza kuanzisha bendi yake. Aliweza tu kuhamia kwa mwajiri mwingine. Ilipoanzishwa Mlimani Park Orchestra mwaka 1978, baadhi ya wanamuziki wake mashuhuri walitoka katika bendi nyingine kwa njia hiyo. Ni jambo la kufurahisha kwamba hata katika mpango huo ngoma za jadi hazikusahauliwa: Mlimani Park walijiita Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo, na wapinzani wao wa JUWATA Jazz, waliokuwa NUTA Jazz zamani, wakajiita Msondo. Mashindano ya Sikinde na Msondo yalikuwa Marini na Arinoti waliozaliwa upya.

Pembeni mwa bendi za umma zilikuwapo chache zilizojitegemea. Mfano bora ni Afro 70, iliyoanzishwa mwaka 1970 na Patrick Balisidya, mzaliwa wa Mvumi, Dodoma. Balisidya alikulia karibu na kwaya ya kanisa na muziki wa Wagogo, akapitia Dar es Salaam Jazz, kisha akatafuta mtindo wake, aliouita Afrosa, ambamo gitaa la umeme lilikutana na nyimbo za nyumbani. Mwaka 1977 aliiwakilisha Tanzania katika tamasha la sanaa za watu weusi, FESTAC, huko Lagos, na baadaye alishirikiana na bendi ya Archimedes ya Sweden katika sahani iitwayo Bado Kijana. Alifariki mwaka 2004. Maisha yake yanaonyesha pande zote za kujitegemea: wepesi wa kubuni, kwa kuwa hakuna wa kumwomba ruhusa, na ugumu wa kudumu, kwa kuwa hakuna wa kumsaidia vyombo vikiharibika.

Funzo kwa shule zetu

Mwalimu anayefundisha historia ya utamaduni aghalabu hujikuta akiulizwa na wanafunzi: muziki huu ni wetu au si wetu? Tumeona kwamba swali hili, likiulizwa hivyo, halina jibu la maana. Jando la Masasi lilichanganywa. Beni ilichanganywa. Rumba ilichanganywa kabla haijafika. Hata sindimba ya jukwaani ni mchanganyiko wa ngoma ya Kimakonde na mahitaji ya taifa. Anayetafuta muziki usiochanganyika atatafuta mpaka achoke.

Maswali yenye faida ni mengine. Nani alichagua kilichochukuliwa na kilichoachwa? Nani alinunua vyombo? Aliyeimba aliweza kuondoka navyo? Wimbo ulipopata jina, nani alifaidika? Tukiuliza hivyo tutaona kwamba Padre Lucas, Jenerali wa beni, katibu wa klabu ya dansi, ofisa utamaduni na Balisidya walikuwa wakifanya kazi ya aina moja, lakini hawakuwa na mamlaka sawa.

Maswali hayo hayajachakaa. Vijana wa leo hutunga muziki kwa kompyuta, na singeli iliyozaliwa katika mitaa ya Dar es Salaam husikika hadi vijijini. Kompyuta imefanya vyombo kuwa rahisi kuliko wakati wowote uliopita. Lakini umiliki wa wimbo, yaani hati na mapato yake, bado ni uwanja wa mapambano. Kijana wa Newala anayerekodi wimbo wake leo anasimama mahali pale pale aliposimama babu wa babu yake na tarumbeta la kibuyu. Babu yule hakuwa na fedha, hakuwa na shule, na ametoka tu vitani. Lakini ngoma ilipokwisha, alilichukua tarumbeta lake akaenda nalo nyumbani.